Tela Nyuma ya Gari Dogo

Mfuko wa saruji una kilo 50. Mifuko 10 ni kilo 500, na tela dogo la chuma lenye magurudumu mawili linaweza kuwa na kilo 250 kabla halijawekewa kitu. Jumla ni kilo 750. Mtu anayejenga kidogo kidogo pembezoni mwa mji, mwenye gari dogo la kumpeleka kazini, huutazama mzigo huo akauona wa kawaida. Anaufunga nyuma, anatia gia, gari linaondoka. Injini hailalamiki, mlima unapandwa, na mwenye gari anajiambia kwamba kumbe inawezekana.

Inawezekana, ndiyo, lakini alichokipima ni kile kilicho rahisi kuliko vyote. Gari dogo la siku hizi lina nguvu ya kutosha kuvuta. Linakoshindwa ni kukisimamisha kile linachokivuta, na kukifanya kifuate nyuma bila kuanza kulitikisa. Sheria za tela katika nchi mbalimbali, zile ambazo dereva huziona kama usumbufu wa polisi na makaratasi, karibu zote zimetungwa kwa ajili ya mambo hayo mawili.

Uingereza inafaa kutazamwa kwanza, maana kule kuvuta tela kwa gari la familia ni jambo la kila wiki. Watu huvuta nyumba za magurudumu wakati wa likizo, huvuta mashua, farasi, takataka za bustani, na samani siku ya kuhama. Msemaji wa Kiswahili anayeishi Leicester au Reading anaweza kukodi tela la siku moja asubuhi akahamisha kitanda, friji na kabati kabla ya jua kuzama, kwa sababu leseni yake ya gari inamruhusu. Haikuwa hivyo kwa kila mtu. Aliyefaulu mtihani wa udereva kuanzia tarehe 1 Januari 1997 aliruhusiwa tela lisilozidi kilo 750, au zito zaidi ya hapo mradi gari na tela kwa pamoja visipite kilo 3,500. Akitaka zaidi, alifanya mtihani wa pili akiwa na tela nyuma: arudi kinyumenyume mbele ya mtahini, alifungue tela, alifunge tena, kisha aingie nalo barabarani.

Tarehe 16 Desemba 2021 sharti hilo liliondolewa. Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa madereva wa malori, na watahini waliokuwa wakishughulika na watu wa matela walihitajika kwenye foleni ya malori. Tangu siku hiyo, mwenye leseni ya gari la kawaida anaweza kuvuta tela la hadi kilo 3,500 hata kama hajawahi kufunga tela maishani mwake. Mafunzo yamebaki kuwa ya hiari.

Sababu ya serikali inaeleweka. Hata hivyo, tani tatu na nusu ni uzito wa magari madogo matatu, na mwandishi wa makala haya anaona kwamba kumruhusu mtu auvute bila kumfundisha hata saa moja ni kumtwisha mzigo mwingine asioujua. Ujerumani ilichagua njia ya katikati. Kule leseni ya kawaida inatosha kwa tela la kilo 750, au zaidi mradi vyote viwili visipite kilo 3,500. Kati ya kilo 3,500 na 4,250 dereva anahudhuria mafunzo ya saa 7 zisizopungua, darasani na barabarani, bila mtihani mwishoni. Zaidi ya hapo ndipo anapokutana na mtahini. Na Japani, yanakotoka magari mengi yanayoteremshwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa, leseni ya kawaida inakomea kwenye tela la kilo 750. Lililo zito kuliko hilo lina leseni yake ya pekee.

Waingereza wana sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Januari 2014, mjini Bristol, tela la tani mbili lilichomoka kutoka kwenye Land Rover iliyokuwa ikilivuta. Likapanda njia ya waenda kwa miguu na kumuua mtoto wa miaka 3 aliyekuwa akitembea na mama yake. Wazazi wake hawakukaa kimya. Walidai ukaguzi na elimu kwa wanaovuta matela, mbunge wao akalipeleka suala hilo Bungeni, na sheria ya mwaka 2018 kuhusu uandikishaji wa matela ikamtaka waziri atoe ripoti juu ya ajali za matela na usalama wake. Wale waliokuwa wakitembea kando ya barabara siku ile hawakuwa na uamuzi wowote katika safari ya tela lile. Hilo ndilo linaloufanya ufungaji wa tela kuwa suala la watu wote, kwani gharama ya kosa haibaki kwa mwenye gari peke yake.

Hesabu ya kwanza hufanywa gari likiwa limezimwa. Kwenye gari lililoundwa kwa soko la Ulaya, fungua mlango au boneti utakuta kibao chenye mistari minne ya uzito. Mstari wa kwanza ni uzito wa juu wa gari lenyewe, pamoja na watu na mizigo. Wa pili ni uzito wa juu wa gari na tela vikiwa pamoja. Miwili ya mwisho ni ya ekseli, ya mbele na ya nyuma. Tuseme wa kwanza unasoma kilo 1,900 na wa pili 3,200. Ukitoa, unapata kilo 1,300, na huo ndio uzito wa tela ambalo gari hilo linaweza kulivuta likiwa limejaa. Kama tofauti ni sifuri, au mstari wa pili haupo, gari hilo halikuidhinishwa kuvuta chochote. Tela nalo lina kibao chake, kinachotaja uzito wa juu linaoruhusiwa kuubeba pamoja na wake lenyewe.

Magari mengi yaliyoundwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe hayana kibao cha namna hiyo. Jibu lake limo kwenye kitabu cha mtengenezaji, na vitabu vya baadhi ya magari madogo husema waziwazi kwamba gari halikuundwa kuvuta tela. Maneno hayo yaheshimiwe. Huenda giaboksi haina mfumo wa kutosha wa kujipoza, au mkia wa bodi hauna mahali palipoimarishwa pa kufungia chuma cha kuvutia. Gari dogo la kawaida halina chesisi inayojitegemea. Bodi ndiyo fremu yake, na bampa ni plastiki yenye ukanda mwembamba nyuma yake. Fundi anayechomelea ndoano kwenye ukanda huo anamuuzia mteja kitu kitakachong'oka siku ya breki ya ghafla. Ile pete ya kukokotea gari lililokwama nayo haikukusudiwa kushika tela kilomita kwa kilomita. Chuma cha kuvutia hufungwa kwa bolti, kwenye matundu ambayo kiwanda kiliyaandaa, na Uingereza inataka kila gari lililoanza kutumika kuanzia tarehe 1 Agosti 1998 liwe na chuma kilichothibitishwa kwa aina hiyo ya gari.

Sasa breki, na hapa turudi kwa yule mwenye saruji. Uingereza inasema tela lenye uzito wa zaidi ya kilo 750, mzigo ukiwemo, lazima liwe na breki zake. Tela lisilo na breki lina kizuizi cha pili: halitakiwi kuwa zito kuliko nusu ya uzito wa gari linalolivuta likiwa tupu. Gari la aina ya Vitz lina uzito wa karibu tani moja. Nusu yake ni kilo 500. Toa kilo 250 za tela lenyewe, inabaki mifuko mitano. Kwa kipimo cha Uingereza, mwenye saruji amezidisha mara mbili, ingawa gari lilimvutia vizuri na hakusikia tofauti yoyote wakati wa kuondoka.

Tofauti angeisikia wakati wa kusimama. Gari la kilo 1,500 likiwa na watu, pamoja na tela la kilo 750 lisilo na breki, ni kilo 2,250 zinazosimamishwa na matairi manne yaleyale yaliyokuwa yakisimamisha kilo 1,500. Mzigo umeongezeka kwa nusu, mshiko wa gari ni karibu uleule. Kwa hiyo mahali ambapo gari lisilo na tela lingesimama kwa mita 40, dereva ahesabu mita 60. Mita hizo 20 ni upana wa barabara kubwa pamoja na kivuko cha watoto wa shule.

Tela lenye breki hujisaidia kwa njia ya werevu na isiyo na umeme. Gari linapopunguza mwendo, tela linalisukuma kwa nyuma. Msukumo huo unarudisha ndani mhimili ulio kwenye mkono wa tela, mhimili unavuta fimbo, fimbo inavuta nyaya, nazo zinafungua viatu vya breki ndani ya magurudumu. Kadiri gari linavyosimama kwa nguvu, ndivyo tela linavyojifunga kwa nguvu. Mfumo huu hauhitaji chochote isipokuwa grisi na kurekebishwa, na hivyo ndivyo vitu viwili ambavyo matela mengi hukosa. Tela lililokaa nyuma ya nyumba mvua mbili tatu linaweza kuwa na mhimili ulioganda kwa kutu, likawa na breki kwenye karatasi tu.

Lipo na jambo la pili, la kufuata kwa unyoofu, na hili ndilo madereva wengi hawalijui kabisa.

Wabeba mizigo wa mikokoteni, Kariakoo au Gikomba, wanajua bila kufundishwa kwamba mkokoteni hupakiwa ili ulalie kidogo mikononi mwa anayeuvuta. Ukipakiwa nyuma sana, mikono inanyanyuka na miguu inapoteza ardhi. Tela na gari ni hivyohivyo. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli ya tela, mkono wa tela unanyanyuka, unaunyanyua na mkia wa gari, na magurudumu ya nyuma ya gari yanabaki mepesi. Magurudumu hayo ndiyo yanayolizuia gari lisiende upande.

Wakufunzi wa matela wana njia nzuri ya kulionyesha jambo hili. Huweka kigari na kitela cha mfano juu ya mkanda unaokwenda, kama ule wa mashine ya kukimbilia mazoezini. Vyuma vya uzito vikiwekwa mbele kidogo ya ekseli ya kitela, mkufunzi anakigonga kwa kidole, kinayumba mara moja, kinatulia. Kisha anavihamishia vyuma vilevile nyuma, bila kuongeza hata gramu moja wala kubadilisha mwendo wa mkanda. Akikigonga tena, kitela kinakwenda kushoto, kinarudi kulia kwa nguvu zaidi, kinarudi kushoto kwa nguvu zaidi ya hapo, na ndani ya sekunde chache vyote viwili vimepinduka.

Barabarani kidole hicho ni upepo wa kando, shimo, au lori kubwa linalopita kwa kasi. Kila gari na tela lake vina mwendo fulani ambao chini yake kuyumba kunajimaliza kwenyewe, na juu yake kuyumba kunakua. Mzigo uliokaa vibaya unaushusha mwendo huo, kwa hiyo dereva aliyekwenda salama kwa kilomita 70 kwa saa anaweza kukutana na balaa kwa 85, kwenye barabara ileile. Na mikono yake haimsaidii. Tela linakwenda na kurudi haraka kiasi kwamba, anapozungusha usukani kulirekebisha, tela limeshageuka upande mwingine, na marekebisho yake yanakuwa msukumo mpya.

Linapotokea, kinachotakiwa ni kuondoa mguu kwenye mafuta, kushika usukani ukiwa umenyooka, na kuacha mwendo upungue wenyewe. Kukanyaga breki kwa nguvu hulifanya tela lisukume na gari lijikunje. Kuongeza mwendo ili kulinyoosha tela, kama baadhi ya watu wanavyoshauriana, ni kulipeleka kule ambako kuyumba kunakua. Baadhi ya magari mapya yana programu inayoutambua mtikisiko huo na kufunga breki za magurudumu moja baada ya jingine ili kuuvunja. Ni msaada mkubwa, lakini haiwezi kuuhamisha mzigo uliopakiwa nyuma.

Kwa hiyo upakiaji ndio kazi yenyewe. Kizito kikae sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Chepesi kikae mwisho na juu. Kila kitu kifungwe kisisogee. Mkono wa tela ulilalie gari kwa kiasi maalumu. Uingereza hushauri asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa tela lililopakiwa, yaani tela la kilo 1,000 lilalie kwa kilo 50 hadi 70. Marekani, ambako magari ya kuvuta ni makubwa zaidi, ushauri wa kawaida ni asilimia 10 hadi 15. Kupima si kazi ya maabara. Mizani ya kupimia watu huwekwa chini ya mkono wa tela, kipande cha ubao kikasimamishwa juu yake kufika urefu wa chuma cha gari, tela likiwa limenyooka na limepakiwa, na namba inasomwa.

Wapo wanaosikia hivyo wakapakia mbele kupita kiasi, nalo ni kosa lenye madhara yake. Chuma cha kuvutia kiko nyuma ya ekseli ya gari, kwa hiyo kinafanya kazi kama wenzo. Chukua gari lenye mita 2.6 kati ya ekseli zake na chuma kilicho mita 1 nyuma ya ekseli ya mwisho: kilo 100 zikikalia chuma hicho, ekseli ya mbele inapunguziwa karibu kilo 38, na ya nyuma inaongezewa 138. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinawamulika machoni wanaokuja mbele, na gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele linateleza kwenye matope. Ndiyo maana kila gari la kuvuta lina kikomo chake cha uzito huo, mara nyingi kati ya kilo 50 na 100 kwa magari ya kawaida, nacho kimeandikwa kwenye kitabu au kwenye kibandiko karibu na chuma cha kuvutia. Uzito huo pia huhesabiwa kama sehemu ya mzigo wa gari, kama vile abiria mmoja zaidi ameketi nyuma.

Maji yanastahili onyo la peke yake, kwani Afrika Mashariki watu wengi hubeba maji. Lita moja ni kilo moja, na tangi la lita 500 ni nusu tani. Likijaa mpaka juu, hutulia. Likijaa nusu, maji hukimbilia nyuma gari linapoondoka, hukimbilia mbele linaposimama, na kwenye kona huegemea upande uleule ambao tela linataka kupindukia. Mwenye gari dogo afadhali abebe madumu yaliyofungwa, au tangi dogo lililojaa kabisa, kuliko tangi kubwa lenye maji nusu.

Kuhusu mwendo, Uingereza imeweka maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97, kwenye barabara kuu zenye njia mbili zilizotenganishwa, na maili 50, yaani kilomita 80, kwenye barabara za kawaida za nje ya miji. Njia ya kulia kabisa kwenye barabara kuu yenye njia tatu au zaidi imekatazwa kwa anayevuta tela. Ujerumani ni kilomita 80, isipokuwa tela liwe na kibandiko maalumu cha 100 ambacho hutolewa kwa masharti, mojawapo likiwa matairi yasiyofikisha miaka 6. Jimbo la California ni maili 55, ambazo ni karibu kilomita 88. Namba hizi zinakaribiana kwa sababu zote zinapigana na kitu kimoja: kutoka kilomita 80 kufika 100, nguvu ya mwendo ambayo breki lazima ziimalize inaongezeka kwa asilimia 56. Tanzania inayataka magari yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 yasizidi kilomita 80, na dereva wa gari dogo lenye tela hatakosea akijiwekea kikomo hichohicho mwenyewe.

Makaratasi yanatofautiana zaidi kuliko mwendo. Uingereza, tela dogo hubandikwa namba ileile ya gari linalolivuta, na nyuma liwe na viakisi viwili vyekundu vya pembetatu. Kenya, tela huandikishwa lenyewe na namba yake huanza na herufi Z. Anayehama nchi asibebe desturi ya alikotoka. Bima nayo iulizwe kwa maandishi kabla ya safari, na maswali ni mawili: je, bima ya gari inawafidia watu wengine wakidhurika na tela likiwa limefungwa? Na likichomoka? Vioo vya pembeni lazima vimwonyeshe dereva pande zote mbili za tela. Likiwa pana kuliko gari, vioo vya kurefusha si pambo; Uingereza, kukosa vioo vinavyofaa kunaweza kugharimu faini ya hadi pauni 1,000 na alama 3 kwenye leseni.

Kufunga tela ni kazi ya dakika kumi na haitaki mazungumzo mengine pembeni. Kikombe cha tela hushushwa juu ya kirungu cha gari, ambacho kwa magari mengi kina kipenyo cha milimita 50, mpaka mlio wa chuma usikike na alama ya usalama ionyeshe kuwa kimefunga. Kisha, kwa kutumia gurudumu dogo la mbele, mkono wa tela hunyanyuliwa mpaka mkia wa gari upande kidogo. Kama kikombe hakikuingia sawasawa kitachomoka hapohapo, gari likiwa limesimama, na hakuna mahali pazuri zaidi pa kuchomoka. Gurudumu dogo hupandishwa na kukazwa, na hendibreki ya tela hufunguliwa.

Halafu waya wa dharura. Huu ni waya mwembamba wa chuma unaotoka kwenye hendibreki ya tela hadi kwenye gari. Kikombe kikiachia, waya unavuta hendibreki, breki zinafunga, kisha waya wenyewe unakatika ili tela lisimame nyuma. Lazima ushikizwe mahali palipotengenezwa kwa ajili yake. Ukitundikwa tu juu ya kirungu, kikombe kikiruka nao unaruka. Tela lisilo na breki hutumia mnyororo mfupi, unaolishika lisitoroke na kuuzuia mkono wake usichimbe lami. Vitu hivi viwili ni rahisi kuliko tairi moja, na tela lolote lililoingia barabarani bila kimojawapo limeingia bila ulinzi wa watu wanaotembea kando.

Mwisho wa kufunga ni plagi ya taa. Mtu mmoja akae ndani, mwingine asimame nyuma: taa, breki, indiketa kushoto, indiketa kulia. Na hakuna mtu wa kupanda ndani ya tela, hata fundi msaidizi, hata kwa safari ya kona moja. Tela halina mkanda wala kiti, na likipinduka hupinduka kabla dereva hajajua.

Milima ina kanuni zake. Sutton Bank, huko North Yorkshire, barabara ina mteremko wa hadi mita 1 kwa kila mita 4, na nyumba za magurudumu zimepigwa marufuku kupita pale. Kitonga, mkoani Iringa, haijawekewa marufuku hiyo, na anayeteremka na tela anapaswa kuingiza gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, akiiachia injini kazi ya kuzuia. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto mpaka zinaacha kushika, na tela la breki za kusukumwa huwa linajifunga njia nzima ya kuteremka kwa sababu muda wote linalisukuma gari.

Kurudi nyuma ni suala la mazoezi kwenye uwanja mtupu. Mkono mmoja ushike sehemu ya chini ya usukani: ukienda kushoto, mkia wa tela unakwenda kushoto, ukienda kulia, unakwenda kulia. Tela fupi hugeuka haraka kuliko refu, na likianza kujikunja dawa yake ni kusimama, kwenda mbele mita chache, na kuanza upya.

Yamebaki matairi. Tairi la tela huzeeka kabla ya kuisha, kwa kuwa tela hukaa juani miezi mingi na kutembea siku chache. Kashata zake zinaweza kuonekana mpya huku ubavu umepasuka nyufa ndogo ndogo. Umri wake umeandikwa ubavuni, kwenye tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Anayenunua matairi ya mtumba asome tarakimu hizo kabla ya kuuliza bei, akague na spea, kwani tairi la tela mara nyingi halilingani na la gari.

Na baada ya kilomita 20 za kwanza, dereva atafute mahali salama pa kuegesha nje ya barabara. Akaze nati za magurudumu, avute kila kamba, kisha asogeze kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu la tela bila kukigusa. Joto la wastani pande zote mbili ni kawaida. Upande mmoja ukiwa wa moto sana na mwingine wa baridi, breki ya upande ule imeng'ang'ania au beringi inakufa, na safari hiyo isiendelee mpaka fundi afike.